Jinsi ya kuisoma orodha ya wafalme wa Ulaid bila kupotea

Usianzie juu. Hilo ndilo sharti langu la kwanza kwa kila anayeniomba nimwelekeze kuhusu Waulaid, watu wa kale wa kaskazini mashariki mwa Ayalandi, ambao jina lao limebaki mpaka leo ndani ya Ulster. Ukiifungua orodha ya wafalme wao ukaanza na majina ya mwanzo kabisa, utaangukia kwa Conchobar mac Nessa, shujaa wake Cú Chulainn na ugomvi wa fahali wa Cooley, na hapo utakaa mwaka mzima. Ngano zile ni tamu, sikukatazi. Ila hazikufundishi kusoma orodha. Anzia mwaka 581, ukishaizoea kazi ndipo uchague kurudi nyuma au kwenda mbele.

Mimi nilifundisha historia sekondari kule Tanga kabla ya kuhamia Antrim, na nililelewa na babu aliyekuwa na nasaba ya ukoo wetu imeandikwa kwa hati za Kiarabu kwenye makaratasi yaliyokwisha kubadilika rangi. Kwa hiyo orodha ndefu ya majina hainitishi. Kinachonitia wasiwasi ni msomaji anayeipitia kama daftari la mahudhurio, jina baada ya jina, akidhani wa juu ni baba na wa chini ni mwana. Kwa Waulaid haiendi hivyo hata kidogo. Mara nyingi jina linalofuata ni la hasimu wa jina lililotangulia. Ukilishika hili, nusu ya kazi umeimaliza.

Vya kuandaa

Tafuta daftari la miraba, kalamu za rangi tatu na ramani ya kaunti za Antrim na Down. Orodha yenyewe imo katika Kitabu cha Leinster, muswada wa karne ya 12 unaotunzwa Trinity College mjini Dublin. Nasaba za koo zimo humo humo, na pia katika miswada miwili iliyoko maktaba ya Bodleian, Oxford, inayojulikana kwa namba zake za rafu: Rawlinson B 502 na Laud 610.

Lakini orodha peke yake haisemi nani alimuua nani, wapi, na kwa nini. Hayo utayatoa katika Tarihi za Ulster, kumbukumbu za mwaka kwa mwaka zilizokusanywa mwishoni mwa karne ya 15 kwa ajili ya Cathal Mac Maghnusa, kwenye kisiwa kimoja cha Lough Erne. Wakusanyaji walinakili tarihi za zamani zaidi, na sehemu ya mapema ina mizizi yake kwa watawa wa kisiwa cha Iona. Mradi wa CELT wa chuo kikuu cha Cork umeziweka mtandaoni bure pamoja na tafsiri. Huhitaji kujua Kilatini, ila kitakusaidia, kwa sababu maingizo mengi ni mafupi mno. Mwaka 707, mfalme Bécc Bairrche alipouacha ufalme na kushika fimbo ya mhujaji, mwandishi aliandika maneno matatu tu ya Kilatini: fimbo ya Bécc Bairrche. Basi. Hajali kama wewe utaelewa.

Angalizo la miaka: katika muswada wenyewe wa Tarihi za Ulster hesabu iko nyuma kwa mwaka mmoja mpaka ufike mwaka 1013. Wahariri wa kisasa hurekebisha, lakini si kila mtu anayenukuu mtandaoni anatumia tarehe iliyorekebishwa. Kabla hujaongeza mwaka, hakikisha mwenzako hajakwisha kuuongeza.

Majina

Hapa usikimbie. Mac ni bin, hakuna zaidi. Uí ni wajukuu, maana yake uzao wa fulani. Dál ni fungu la watu linalojihesabu kwa mzee mmoja. Tatizo ni kwamba jina la baba hubadilika mwisho wake likifuata mac: Báetán anakuwa mac Báetáin, Demmán anakuwa mac Demmáin. Andika umbo la kwanza pembeni, la sivyo utadhani una watu wawili mahali penye mmoja.

Kosa kubwa zaidi ni la upande wa pili, kudhani una mtu mmoja mahali penye wawili. Waulaid walikuwa na Fiachnae wawili walioishi wakati mmoja na wote walitawala. Mmoja ni Fiachnae mac Báetáin, mwingine Fiachnae mac Demmáin. Tena kabla yao alitawala Báetán mac Cairill, na kila mgeni wa jambo hili huchora mstari kutoka kwa huyo Báetán kwenda kwa Fiachnae wa kwanza na kujipongeza. Futa huo mstari. Báetán baba yake Fiachnae ni mwingine kabisa, mac Echdach, wa mlango tofauti. Huyu mac Cairill ni ami yake Fiachnae wa pili, yule mac Demmáin. Kanuni yangu: usiandike jina daftarini bila jina la baba, na ukiweza, la babu.

Rangi tatu kwa milango mitatu

Ufalme wa Ulaid haukuwa wa nyumba moja. Chukua kalamu ya bluu kwa Dál Fiatach, watu wa pwani, wenye makao upande wa Downpatrick na ghuba ya Strangford. Ya kijani ni ya Dál nAraidi, wenye tambarare ya Mag Line na ngome ya Ráith Mór, karibu na hapa ninapokaa. Ya kahawia ni ya Uí Echach Cobo, magharibi mwa Down. Bluu itatawala karatasi yako, kijani itajitokeza kwa vishindo, kahawia utaitumia mara chache.

Tarihi huwaita Dál nAraidi na Uí Echach Cobo kwa jina la Cruthin, na Dál Fiatach wakajivunia kuwa wao ndio Waulaid wa kweli. Baadaye jina la Cruthin linatoweka, na Dál nAraidi nao wanaibuka wakidai kuwa Waulaid wa kweli ni wao. Ukikutana na dai la namna hiyo, usiulize kwanza kama ni kweli. Uliza limeandikwa lini na nani alikuwa kitini.

Zoezi: 581 hadi 637

Gawa ukurasa safu tatu, weka miaka pembeni, anza.

Bluu, Báetán mac Cairill, alifariki 581. Maandishi ya upande wake yanamwita mfalme wa Ayalandi na Uskoti, yanasema Áedán mac Gabráin wa Dál Riata, ufalme wa jirani uliovuka bahari mpaka Uskoti, alikuja kumnyenyekea, na kwamba alikiondolea kisiwa cha Man wageni. Orodha za wafalme wakuu zilizotungwa na wapinzani wao, Uí Néill, hazimtaji kabisa. Andika yote mawili. Waliowahi kusoma tarihi ya Kilwa hawatashangaa: nakala ya Kiarabu na ile simulizi aliyoinukuu Mreno João de Barros hazipatani kwa majina wala kwa miaka, na mahali zinapoachana ndipo penye kazi.

Kijani, Áed Dub mac Suibni. Ndiye aliyemuua Diarmait mac Cerbaill, mfalme wa Tara, yaani mwenye kiti cha mfalme mkuu wa Ayalandi, mwaka 565. Kisa chake kipo kwa Adomnán, abati wa Iona aliyefariki 704, katika habari za maisha ya Mtakatifu Columba, mwanzilishi wa utawa wa Iona. Kwa mujibu wake, Áed alikimbilia utawa, akapewa upadre na mtu aitwaye Findchán aliyempenda kupita kiasi, na Columba aliposikia akatamka kwamba mkono ule uliowekwa juu ya kichwa cha muuaji utaoza na kuzikwa kabla ya mwenyewe. Ukaoza, ukazikwa. Áed naye akarudia mauaji, akachomwa mkuki, akaanguka kutoka chomboni akafa maji, mwaka 588. Mimi ninaamini jahazi kuliko ninavyoamini ule mkono, lakini kisa chote kinakuonyesha jinsi watu wa Iona walivyomchukia huyu bwana, na ni hao hao wa Iona waliotunza tarihi. Weka alama ya tahadhari pembeni ya jina lake.

Kijani tena, Fiachnae mac Báetáin, 588 hadi 626. Aliuawa vitani Leth Midind, na aliyemuua ni Fiachnae wa pili, wa bluu.

Bluu, Fiachnae mac Demmáin. Alikaa mwaka mmoja tu. Mwaka 627 aliuawa huko Ard Corann na watu wa Dál Riata.

Kijani, Congal Cáech, 627 hadi 637. Kwake nitatua.

Ukiitazama safu sasa, wafalme wanne mfululizo wamekufa kwa silaha, na hakuna hata mmoja aliyemrithi baba yake. Ndiyo sababu nilikwambia uanzie hapa.

Congal na nyuki

Cáech ni chongo. Congal alipoteza jicho moja kwa kuumwa na nyuki, na habari hiyo haimo katika orodha yoyote ya wafalme. Imo katika risala ya sheria ya karne ya 7 inayohusu ufugaji wa nyuki: mizinga, makundi yanayohama na kutua kwa jirani, na fidia ya mtu aliyedungwa. Mwanasheria anaeleza kuwa hukumu ya kwanza kuhusu makosa ya nyuki ilihusu jicho la Congal, kisha anaongeza kwa kupitia kwamba Congal alikuwa mfalme wa Tara mpaka jambo hilo lilipomwondoa katika ufalme.

Simama hapo usome tena. Mfalme wa Tara! Hicho ndicho kiti ambacho Uí Néill walikuja kukifanya chao peke yao, na orodha zao za wafalme wa Tara hazina Congal. Walimfuta. Lakini aliyefuta orodha hakukumbuka kwenda kupekua sheria za nyuki, na mwanasheria hakuwa na haja ya kudanganya, alikuwa anatafuta mfano tu. Kwangu mimi sentensi ile moja ina uzito kuliko kurasa za nasaba. Ndiyo maana ninawasihi watu: ukishamaliza orodha, tafuta mfalme wako mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimwandikia sifa. Sheria, maisha ya watakatifu, mashairi ya kuomboleza.

Kwa nini jicho moja limvue mtu ufalme? Kwa Waayalandi wa wakati ule mfalme alipaswa kuwa mzima wa mwili. Mwenye kilema hakufaa kukaa kitini, kwa kuwa ukamilifu wake ulihesabiwa ndio baraka ya nchi. Akakitwaa kiti cha Ulaid hata hivyo, na hakutulia. Mwaka 628 alimuua Suibne Menn, mfalme wa Tara, ufukweni mwa Lough Swilly. Mwaka uliofuata alishindwa Dún Ceithirn na Domnall mac Áedo wa Uí Néill. Mwaka 637 walikutana tena Mag Rath, mahali panapoitwa Moira leo, katika kaunti ya Down. Upande wa Congal alikuwemo Domnall Brecc wa Dál Riata, mjukuu wa Áedán. Congal aliuawa. Masimulizi ya karne za baadaye yanasema Domnall mac Áedo ndiye aliyemlea Congal, na nyuki walikuwa wa bustani ya huyo Domnall. Yaandike kwa penseli, si kwa kalamu.

Nani alistahili kurithi

Hapa wengi hutaka kuchora mti wenye shina moja, na mti hauchoreki. Aliyeruhusiwa kugombea ufalme ni mwanamume ambaye baba yake, babu yake au baba wa babu yake aliwahi kutawala. Kwa hiyo kaka, ami, mpwa wa kuumeni na binamu wote wamo uwanjani pamoja na mtoto wa mfalme. Nyumba ikipitisha vizazi vitatu haijatoa mfalme, vilembwe wa mfalme wake wa mwisho wanashuka na kuwa wakubwa wa kawaida. Sasa unaelewa ile haraka ya kuuana: mtu wa kizazi cha tatu hapiganii kiti chake tu, anapigania wanawe wasitoke nje ya duara.

Daftarini, pigia mstari kila mfalme ambaye ni wa mwisho kustahili katika nyumba yake. Utaona wengi wao ndio wenye vita vingi.

Kama umechoka na damu, pumzika kwa Crith Gablach, risala ya sheria ya mnamo mwaka 700 inayopanga vyeo vya watu. Inampangia mfalme wiki yake: Jumapili kunywa pombe na watu wake, Jumatatu kuamua kesi, Jumanne kucheza fidchell, mchezo wao wa bao, Jumatano kutazama mbwa wakiwinda, Alhamisi faragha na mkewe, Ijumaa mashindano ya farasi, Jumamosi kesi tena. Ni picha ya namna mambo yalivyotakiwa kuwa. Congal sidhani kama alikuwa na Jumatano nyingi za mbwa.

Kutoka 637 kwenda mbele

Pita haraka zaidi sasa. Baada ya Mag Rath bluu inaitawala karatasi, na kijani inarudi kwa nadra. Kahawia utaiona kwa Fergus mac Áedáin, aliyekufa 692. Áed Róin wa Dál Fiatach aliuawa Faughart mwaka 735 alipopambana na Áed Allán wa Uí Néill, na kutoka hapo mpaka wa kusini unazidi kusogezwa. Weka duara kwenye 827, vita vya Leth Cam, Uí Néill walipowazima Waulaid kwa muda mrefu.

Kisha nenda 1004, Cráeb Telcha, kilima kinachoitwa Crew Hill, karibu na Glenavy. Kilikuwa mahali pa kuwatawaza wafalme wa Ulaid, palikuwa na mti mtukufu. Katika vita vya pale walikufa wafalme wa pande zote mbili, Eochaid mac Ardgair wa Ulaid na Áed wa Cenél nEógain, tawi la Uí Néill. Mwaka 1099 Cenél nEógain walirudi wakaukata ule mti. Mwaka 1111 Waulaid wakaenda Tullahoge, kwenye kilima cha kuwatawazia wafalme wa Cenél nEógain, wakaikata miti yao. Hao ndio watu ninaowasoma jioni baada ya kazi.

Mwaka 1166 utakuta tena lile jambo la kilema, safari hii limefanywa kwa makusudi. Muirchertach Mac Lochlainn, mfalme mkuu, alimpofusha Eochaid Mac Duinn Sléibe wa Ulaid ilhali alishampa amani mbele ya wadhamini. Wadhamini walimgeuka, na mwaka haukwisha kabla hajauawa.

Kwenda kwa miguu

Ramani haitoshi. Vaa viatu vya mpira, maana hata Julai majani yameloa, na kama ngome unayoitafuta iko ndani ya shamba la mtu, bisha hodi kwanza. Ng'ombe hawapendi wageni na mwenye shamba hapendi geti kuachwa wazi.

Downpatrick na Moira ni rahisi, mabasi yanafika. Emain Macha, leo Navan Fort, iko magharibi ya Armagh, mwendo mfupi kutoka mjini. Ndiyo mji wa Conchobar katika ngano, kwa hiyo nilikuzuia mwanzo, lakini sasa nenda. Chini ya kile kilima kikubwa cha udongo wachimbaji waliofanya kazi pale miaka ya 1960 walikuta jengo la duara la upana wa mita 40 lililojengwa kwa magogo ya mialoni. Gogo la katikati lilikatwa mnamo mwaka 95 KK. Yamehesabiwa mapete ya mti. Jengo lilijazwa mawe, likachomwa moto kwa makusudi, likafunikwa udongo. Hakuna anayeonekana kuishi ndani yake. Katika uchimbaji huo huo lilipatikana fuvu la kima wa Afrika ya Kaskazini, aliyefika huko kabla ya Kristo, zawadi ya nani kwa nani usiniulize. Wazee ninaowahudumia kazini hucheka kila nikiwaambia kwamba Mwafrika wa kwanza Armagh alinitangulia miaka elfu mbili na zaidi.

Funga orodha kwa mwaka 1177. John de Courcy, mwana wa Wanormani, alitoka Dublin wakati wa baridi na jeshi dogo la watu mia chache, akaiteka Downpatrick. Mfalme Ruaidrí Mac Duinn Sléibe alitoroka, akapigana miaka mingi baadaye na kufa 1201, wa mwisho katika safu ya bluu. Watu wa nyumba yake walikimbilia Donegal, wengine wakawa matabibu wa wakuu wa O'Donnell. Ukikutana na mtu aitwaye Dunleavy au McNulty, muulize kwao ni wapi kabla hujafunga daftari.

Kwa zoezi la pili chukua Dál Riata, kuanzia Áedán mac Gabráin mwaka 574. Kalamu ni zile zile, ila utahitaji ramani nyingine ya pwani ya magharibi ya Uskoti, kwa sababu ufalme wao ulikuwa pande zote mbili za mkondo.